Kitabu cha Mzee Pranlal na Ng'ombe wa Gidamis

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mzee Pranlal, mwenye shamba, kanipa daftari. Kasema niandike maneno magumu ya kitabu chake. Magumu sijayaona bado. Naandika yangu.

Tito, nyapara wetu, karudi kwao, kijiji cha Daudi. Miguu imemshinda. Nafasi iko wazi. Nimelima shamba hili la Masakta miaka kumi na nane, mgongo wangu unajua. Nyapara halimi. Anatembea na fimbo na kusema. Hiyo kazi ni yangu. Yoakimu naye anaitaka. Ana fomu foo. Mimi niliishia la tano.

Jumamosi ni mwaka tangu afariki Mama Kusum, mke wa Mzee. Wahindu hawaziki, wanachoma. Majirani ndio walibeba kuni. Sasa Mzee anawaita waje kula, halafu awasomee kitabu cha dini yake. Yeye atasema Kiswahili, mtu ageuze Kiiraqw na Kibarabaig ili wazee waelewe. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Baba yangu Mwiraqw, mama Mbarabaig. Yoakimu Kibarabaig hajui hata kusalimia.

Mzee akasema nyapara ni mtu anayesikilizwa. Jumamosi ataona nani anasikilizwa.

Nimeshapata.

Jumanne, 10 Juni

Mzee kanisomea ukurasa mmoja barazani. Mungu ni mmoja, majina mengi. Ni baba wa dunia, na ni mama pia. Akaniuliza kwetu tunamwitaje. Nikamwambia kwa baba yangu ni Looaa, ndiye jua, ndiye mama. Kwa mama yangu ni Aseeta. Kanisani ni Baba. Akaandika yote matatu pembeni mwa kitabu. Nikamshauri achague moja, kazi iwe nyepesi. Akasema hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Jioni kwa Patriki, katekista. Kasema Wakristo hawaji kusikiliza mambo ya sanamu. Nikaona hatari. Wasipokuja nitasikilizwa na nani? Nikamwambia kitabu chote kinasema Baba. Baba mwanzo, Baba mwisho. Akashangaa. Kasema basi atawaleta, na kwaya.

Jumatano, 11 Juni

Nimeenda kwa Gidamis, mfugaji ng'ambo ya korongo. Ni wa ukoo wa mama yangu. Nikampa shikamoo mjomba, akaitikia, akaendelea kuangalia ng'ombe wake. Akauliza hicho kitabu kinawataja ng'ombe. Nikasema ngoja.

Nikarudi kumuuliza Mzee. Kasema kwao ng'ombe ni mama. Hapigwi.

Nikavuka korongo tena. Nikamwambia mjomba, ng'ombe hapigwi wala hafukuzwi. Hilo la kufukuzwa niliongeza mimi, lilikaa vizuri. Akauliza hafukuzwi hata shambani. Nikasema shamba kitabu hakijalitaja. Akauliza lakini kimesema asifukuzwe? Nikasema ndiyo. Akasema huyo Mungu anamjua, ni Aseeta. Atakuja na ukoo mzima.

Watu wanazidi kuwa wengi.

Alhamisi, 12 Juni

Natalia anayetupikia ndiye anasikilizwa na akina mama wote wa hapa. Nikamwambia kitabu kinasema Mungu ni Mama. Kasema bibi yake alimwambia zamani, nani mwingine angeamka wa kwanza kila siku bila kulalamika? Ameshawatangazia wenzake.

Yoakimu kaja na uso wa mtu aliyegundua siri. Kwa Patriki kasikia Baba. Jikoni kasikia Mama. Ng'ambo kasikia Aseeta. Kauliza kitabu ni kimoja au vitatu. Nikamwambia hana lugha, hawezi kuelewa.

Lakini watakaa wote uwanja mmoja. Hilo sikuliwaza.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefanya mazoezi mbele ya punda. Nikisema Baba, akina mama watanuna. Nikisema Mama, Patriki ataondoka na kwaya. Punda aliondoka kabla sijafika Aseeta.

Nikamwomba Mzee aruke pale pa Mungu. Kasema bila Mungu inabaki karatasi. Halafu akauliza nilisema nini siku ya kumzika Eva, mke wangu. Nikamwambia sikusema. Patriki ndiye alisema. Mimi nilishika koleo. Mzee akasema na yeye hakusema kitu, mwaka mzima sasa, ndiyo maana anataka kesho iende vizuri.

Nilikaribia kumwambia. Akanimiminia chai. Chai ikanisahaulisha.

Jumamosi, 14 Juni

Walikuja wote. Kwaya upande huu, wafugaji na fimbo zao upande ule, akina mama katikati na Natalia mbele. Chakula hakina nyama hata kidogo. Mjomba Gidamis alichokonoa dengu akitafuta mbuzi.

Mzee akafungua kitabu. Akasoma, akageuza Kiswahili: Mungu ni mmoja. Akaniangalia.

Nikasimama. Nikasema, Yule.

Patriki akauliza yule nani. Nikasema yule wa juu. Patriki akasema, "Margwe, sema Baba, kama ulivyotuambia." Natalia akasema mbona yeye aliambiwa Mama. Mjomba akasema Aseeta hana haja ya kubishaniwa na watu wanaokula majani. Yoakimu alikuwa anatabasamu tu, mikono nyuma, kama tayari ni nyapara.

Hapo tukasikia kengele za ng'ombe. Mahindi tumevuna, mbaazi bado zimesimama katikati. Ng'ombe arobaini ndani ya mbaazi. Yoakimu akakimbilia fimbo. Mjomba akamwambia taratibu, kijana, kitabu cha tajiri yako kimekataza, mwulize Margwe. Watu wote wakanigeukia. Kusikilizwa nilisikilizwa.

Mzee akafunga kitabu. Akaongea Kiiraqw. Kiiraqw safi, kama aliyezaliwa Tumati kwa Wairaqw wenyewe. Kumbe ameuza vitambaa minadani Mbulu na Hanang miaka arobaini. Akasema Looaa, akasema Aseeta, akasema Baba. Halafu akataja jina la mke wake.

Kisha akamgeukia mjomba, kwa Kibarabaig. Akasema kweli, kwake ng'ombe ni mama. Lakini hata mama mzazi, akija kwa mtoto wake, anapiga hodi.

Mjomba akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Natalia alishawapanga akina mama na kwaya kwa mstari, wakawatoa ng'ombe kwa kuimba. Hakupigwa hata mmoja. Mbaazi zimelala mistari sita.

Baadaye nilimuuliza Mzee, kama lugha zote anazo, mimi alinitakia nini. Kasema aliogopa atalia katikati, alitaka mdomo wa akiba.

Hakulia. Alishughulika na ng'ombe. Kwa hiyo nilimsaidia.

Jumapili, 15 Juni

Nyapara ni Natalia. Mzee kasema jana wote tulimwona anavyosikilizwa. Yoakimu amenuna. Ameninunia mimi, sijui kwa nini.

Mimi nimepangiwa kukaa mpakani kulinda mbaazi mpaka zivunwe. Kukaa. Fimbo ninayo. Jembe sina. Ukiangalia vizuri, nimepanda cheo.

Mchana mjomba Gidamis kapita. Nikampa shikamoo. Akasimama kwa mguu mmoja, akaziangalia mbaazi. Akauliza kitabu kinasema nini kuhusu mbuzi.

Nikafikiri. Nikamwambia kuhusu mbuzi, nijuavyo, kitabu kimenyamaza.

Amefurahi sana. Amesema atanisemea kwa Natalia.