Ng'ombe Wanne Waliokonda Ndani ya Laptopu

Kwa Afande Bakhit,
Mwenyekiti wa Mtaa,
Nalufenya, Jinja.

Afande Mwenyekiti,

Basi, kama nilivyokuwa nakwambia jana pale kwa muuza chapati, kabla boda haijakubeba na kuniacha na maneno mdomoni, wale ng'ombe walikuwa wanene kabisa. Niliwaona kwa macho yangu. Na kwa sababu kukupata wewe umesimama ni kazi, nimeona nikuandikie, tena kwa Kiswahili, maana wewe ni mtu wa jeshi na barua ya Lusoga utasema hukuielewa. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo ukikuta kosa njiani, liruke uendelee.

Mambo yako hivi. Shamirah, binti ya marehemu kaka yangu, anaolewa na Nasif wa Mbale. Mimi ndiye senga yake, dada wa baba, na shauri lote la ndoa liko kwa kichwa changu. Zamani wanaume wetu wangepanda gari mpaka Mbale, wazunguke ng'ombe wa mahari, wawashike mbavu, wanywe chai ya watu, warudi. Mimi nikasema hapana, dunia imeendelea. Hajji Shakul, mjomba wa Nasif, akaja na picha za ng'ombe wanne kwa simu. Simu ndogo, macho yetu unayajua. Hamuza, kaka yake Shamirah, akaunganisha laptopu yake na ile skrini kubwa aliyonunua kwa ofisi moja iliyofunga. Afande, ng'ombe walijaa meza. Mmoja alikuwa mpana kama kitanda cha sita kwa sita. Hata Hajara jirani yangu, ambaye hajawahi kusifu kitu cha mtu tangu nimjue, alisema mashallah. Nikatia sahihi karatasi: tumewaona, tumeridhika.

Juzi nikamwita Hajara tuwaangalie tena, tufurahi kidogo. Tunafungua, ng'ombe wamekonda. Walewale, na nyasi zilezile miguuni, lakini mbavu unazihesabu kama ngazi. Siku kumi na mbili tu ndani ya laptopu. Hajara alicheka mpaka akakaa chini, na sasa hivi habari imevuka mtaa wetu, mpaka Walukuba wanajua.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hamuza alibadilisha waya bila kuita ukoo. Anasema waya wa kwanza ulikuwa na jino moja limevunjika, kwa hiyo skrini haikuweza kuiambia laptopu kipimo chake cha kuzaliwa, yaani elfu moja mia tisa na ishirini kwa elfu moja na themanini. Ni kama mgeni aingie asijitambulishe, unampa tu kiti kilicho karibu. Laptopu ikatoa kipimo cha kubahatisha, elfu moja ishirini na nne kwa mia saba sitini na nane, na skrini ikakivuta huku na huku mpaka kikajaa. Akaniambia, senga, ng'ombe hawajakonda, ni wewe uliwaona wamesukumwa kama chapati. Mtoto niliyemwogesha mimi.

2. Laptopu ilijua. Kuko orodha ya vipimo ndani yake, Hamuza alinionyesha. Siku ile ya wakwe kipimo cha kweli hakikuwemo kabisa. Alipochomeka waya mpya, kikatokea juu ya vingine vyote, na pembeni kimeandikwa kwamba hiki ndicho kinachopendekezwa. Kama kinapendekezwa hivyo, mbona kilinyamaza wageni walipokuwa wamekaa? Shahidi wa namna hiyo, wewe Afande ungemlaza ndani siku mbili.

3. Sahihi yangu iko chini ya ng'ombe wanene, si hawa. Hamuza mwenyewe anakiri kwamba penye upana wa tatu skrini ilionyesha nne. Nimepiga hesabu kwa maharagwe, mara mbili: wanene wanne ni sawa na wembamba watano na theluthi. Kwa hiyo Mbale watuletee ng'ombe watano, na ile theluthi tutapokea mguu wa nyuma pamoja na kichwa. Hatuna roho mbaya.

4. Nasif mwenyewe yuko kwenye picha ya tatu, ameshika kamba. Siku ile alikuwa na mabega ya mbeba magunia. Sasa ni kijana mwembamba kama mwiko. Kwa haki tungedai na theluthi ya bwana harusi, lakini hiyo nimesamehe, maana sijui tungeiweka wapi.

5. Mpaka haya yaishe, nikaha ya Ijumaa isimame. Shamirah analia tangu jana. Anasema alimjua Nasif mwembamba tangu mwaka juzi, hakuna waya uliomdanganya, na ananiuliza, senga, naolewa mimi au wanaolewa ng'ombe? Mayuni, yale magimbi anayopenda, nilipika mwenyewe, hakugusa. Inaniuma, Afande, sifichi. Lakini senga akilegea leo, kule ugenini mtoto atahesabiwa rahisi miaka yote.

6. Kwa hiyo naomba upige muhuri sheria hii: katika mtaa wetu, kitu chochote kilichoonyeshwa kwa wakwe kwenye skrini kihesabiwe kwa ukubwa ule kilioonekana nao siku hiyo, waya uwe mbovu, uwe mzima, na mwenye kitu alete kilichopungua. Isibague mtu, tajiri wala maskini, wa Jinja wala wa Mbale.

Nisalimie mama wa nyumbani, na wajukuu wote kwa majina yao, na yule mwenzako wa Kimaka mwenye goti bovu. Mwambie mafuta ya simsim ninayo bado, aache aibu, aje achukue.

Ni mimi ninayekuheshimu, hata ukinikimbia kwa boda,

Hadijah Nangobi,
Senga.

Nyongeza: Afande, ule muhuri usiupige. Kabla ya kukutumia barua nilimpigia Hajji Shakul nikamsomea yote, maana mimi si mtu wa siri. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema sheria ni nzuri sana, anaiunga mkono, hasa namba sita. Kumbe siku ileile, kwenye skrini ileile na waya uleule, Hamuza alimwonyesha kiwanja ambacho marehemu alimwachia Shamirah, hapa nyuma ya jiko langu, watakapojenga na Nasif. Upana wa kiwanja ni hatua kumi na tano. Hajji alikiona ishirini. Hizo tano zilizozidi, Afande, ziko ndani ya migomba yako hapo mpakani.

Sasa naona ng'ombe wanne wanatosha kabisa, na ng'ombe mwembamba hali nyasi nyingi. Nikaha iwe Ijumaa, Shamirah nimeshamwambia anawe uso. Barua ichane, lakini uje upesi, leo hii. Hajji amefika na kamba mpya ya kupimia. Chai amekataa. Amekwisha pita mgomba wako wa tatu, na ananiita nikamshikie ncha ya pili.