Mteja wa Samaki Mmoja

Jumatatu, tarehe 3
Amekuja! Kitinda mimba wangu, mpelelezi wa siri, miaka miwili sijamtia machoni, sasa anapima samaki kwenye mzani wa hapahapa bandarini. Ametumwa kuwanasa wezi wanaopora injini za mashua huko baharini. Atakaa miezi sita. Kanitumia ujumbe: Mama, hunijui, sikujui. Haya, siri! Nimefunga mdomo. Nimemwambia jirani tu, Mama Benki (mwanawe karani wa benki, basi hatupumui), kwamba wapo waliozaa watoto wa kazi nzito kuliko kugonga mihuri. Jina sikutaja.

Jumanne, tarehe 4
Nimepeleka samaki kupimwa. Mara tatu. Samaki yuleyule. Mara ya tatu akasema, mama, huyu hajanenepa tangu asubuhi, wapishe wengine. Mama! Kaniita mama mbele za watu! Najua, kila mteja wa umri wangu anamwita hivyo. Lakini mimi nilisikia. Amekonda, vidole vimejaa magamba. Nikasema kwa sauti kwamba mtoto wa mtu anatakiwa ale. Akanikata jicho. Jicho langu hilo, nimemrithisha mwenyewe! Nikarudi nyumbani, nikamla yule samaki peke yangu. Sahani nilitenga mbili.

Jumatano, tarehe 5
Akili imenijia nikifua nguo. Mpelelezi haruhusiwi kwenda kwa mama yake, lakini kwa mshukiwa lazima aende! Nimeikokota kutoka chini ya kitanda injini ya marehemu baba yake. Nimeifunika turubai barazani, propela ikichungulia nje. Kisha nikamwomba Mama Benki asimwambie mtu. Nguo hazijakauka, mtaa mzima unajua. Nimetandika kitanda cha pili.

Alhamisi, tarehe 6
Hakuja. Walikuja wanaume wawili, mmoja ni muuza barafu wa pale bandarini, mpole siku zote. Wakanisifu, eti bi mkubwa una mkono mwepesi, njoo tufanye kazi pamoja. Mimi, mwizi? Damu ikanichemka. Nikawauliza kama wanajua mwanangu ni nani. Wakasema hawajui. Nikawaambia! Mpaka cheo. Wakaondoka mbio, chai hata hawakumaliza.

Ijumaa, tarehe 7
Wamekamatwa! Walirundika injini zote kumi na moja walizoiba kwenye mashua moja ili watoroke. Ikalemewa, maji yakapwa, ikakwama kwenye matope mchana kweupe. Mwanangu akaja nyumbani, kwa mlango wa mbele! Akanigombeza, eti nimetoboa siri, wezi wangeniua, hivi mama una nini? Kisha akala sahani mbili, akalala mapajani mwangu kama saa nzima. Sikusogea. Mguu ukafa ganzi, nikauacha ufe. Alipoamka akasema kesi imekwisha, kesho anahamishwa. Miezi sita ya mwanangu, nimeimaliza kwa siku tano!

Jumapili, tarehe 9
Nyumba kimya. Gauni langu linanuka magamba pale alipolaza kichwa. Silifui. Aliniambia bandari anakopelekwa, baada ya kuniapisha nisimtajie mtu. Sijamtajia mtu. Ni Mama Benki tu, maana ndiye atakayenilishia kuku. Basi linaondoka Jumanne. Injini nimeshaifunga kwa shuka mbili. Safari hii nimeipaka rangi nyekundu, ionekane kutoka mbali.