Mitume Kumi na Wawili Waliokataa Kunifungulia Kitabu Changu

Tegeni masikio, ninyi wa Kalembe, na ninyi mnaoshuka kutoka Nyamitaba na mizigo mgongoni; simameni kidogo, nisimulie vita kuu niliyopigana mimi Verdiane, mjane wa Kanyamibwa, mlinzi wa mishumaa ya kapela, jemadari asiye na jeshi, dhidi ya kufuli niliyoifunga kwa vidole vyangu mwenyewe.

Miaka mitatu nilikusanya sala za wagonjwa vinywani mwa mama wazee, nikampa Papa Plamedi, mwenye kibanda cha kuchaji telefone, azipange ziwe kitabu cha kusoma ndani ya telefone. Lakini macho yangu hayalali. Nilijua desturi ya kwetu: mmoja akinunua asubuhi, jioni kitabu kimeruka mlima mzima bila malipo. Basi nikaamuru kiwekewe neno la siri, tena si neno la kitoto, bali majina ya mitume wote, yameshikana kama askari mstarini. Nikamtoa Plamedi nje ya kibanda chake, nikaandika peke yangu. Wanunuzi tisa nikawaahidi neno hilo siku ya sala ya kwanza.

Siku ikafika. Papa Omer, bwana wa Mama Kaswera mwenye duka la chumvi na sabuni, alikuwa apasuliwe tumbo huko Goma saa tisa. Saa nane na nusu wanunuzi walikuwa wamejaa kwa Kaswera, telefone mkononi. Sala ya upasuaji ni ndefu, aliyeiacha ni marehemu Mama Umurerwa, na hakuna aliyeijua kwa kichwa.

Nikasimama, nikaita kikosi: Petro mwenye funguo, Andrea ndugu yake, Yakobo na Yoane wana wa ngurumo, wengine nyuma yao, hadi Matiya, aliyepewa nafasi ya yule msaliti. Kufuli ikakataa. Nikamhamisha Tomasi mbele ya Matayo. Ikakataa tena.

"Mama Verdiane," Kaswera akasema, "ule mwivi uliyemuogopa iko wapi? Mimi naona sisi wenye kulipa njo tumefungiwa inje."

"Dada yangu, kufuli inayomushinda hata mwenye nyumba, hiyo njo kufuli."

"Bwana wangu iko ku meza ya munganga, nawe unasifu kufuli."

Nikamrudisha Tomasi nyuma ya Matayo.

Kasoki, jirani ambaye hakununua kitu, alikuwa mlangoni akipukuchua maharagwe. Akauliza polepole: "Mama, mitume ulifundishwa wapi?"

"Ku shule, Nyamitaba, mwaka wa tatu."

"Na mwalimu wenu alikuwa anamaliza na nani?"

Aibu ikanipanda toka miguuni. Vidole vyangu vilimfuata mwalimu, havikuufuata moyo.

"Yuda," nikasema, mbele ya watu na mbele ya msalaba ukutani.

Wakamwandika Yuda mahali pa Matiya, kitabu kikafunguka. Telefone ya kwanza kufunguka ilikuwa ya Kasoki. Nani alimpa, sikuuliza. Akasoma kwa sauti yake nzuri, tukamwitikia, Kaswera akiwa amepiga magoti. Saa kumi na mbili habari ikaja: Omer ameamka, anaomba uji.

Basi iandikwe kwa wajukuu wa Masisi na wa Walikale, kwamba siku ile mjane mmoja aliingia katika kitabu chake mwenyewe, akionyeshwa mlango na mtu asiyelipa.

Kesho yake nikamwambia Plamedi aondoe kufuli kabisa. Akaniomba neno, lile ambalo Kalembe nzima ilikwisha kulijua.

Nikamwambia atoke nje kwanza.