Kumtafutia Syokau Mada ya Sayansi

Jumatatu, 2 Februari

Shajara, niwie radhi. Sijakufungua tangu ndengu zilipotoa maua, na sasa zimevunwa. Sina udhuru, ila uvivu wa mstaafu.

Leo nimeamka! Mjukuu wangu Syokau, wa kidato cha pili, anatakiwa kumpa Mwalimu Bushra mada ya maonyesho ya sayansi kabla ya Ijumaa adhuhuri. Akichelewa, nafasi yake atapewa Mutie, mjukuu wa Ndeti. Ndeti! Tulifundisha pamoja katika shule ya hapa Kabati, na hadi leo hujiita mwanasayansi kwa sababu alishika funguo za maabara.

Syokau anasema ana wazo: kupima kama muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, ukilowekwa usiku huiva kwa makaa machache. Nimemwambia sayansi si upishi. Aniachie mimi.

Jumanne, 3 Februari

Umeme wa maembe. Nimeyachoma misumari na nyaya. Taa haikuwaka. Mke wangu Mbula ameniuliza maembe yamenikosea nini.

Jioni nikaenda kwa Ndeti kupeleleza, nikijifanya naazima jembe. Akanikuta chumbani kwa Mutie. Akauliza tangu lini majembe hulala kitandani. Nimerudi na jembe nisilolihitaji.

Jumatano, 4 Februari

Nimepata! Kuzuia fukusi ghalani. Makopo matatu ya ndengu: moja lina majivu, moja pilipili ya unga, la tatu halina kitu. Sikuandika chochote juu yake, ili Ndeti akichungulia asielewe. Werevu huu haufundishwi.

Alhamisi, 5 Februari

Msiba. Mchungaji Nzuki na akina mama wa kanisa walikuja kutuombea bila taarifa. Kwetu mgeni haondoki bila kula. Mbula akachukua kopo la karibu. Maji ni haba, akazisuuza ndengu mara moja tu.

Mchungaji alifumba macho kufunga kwa sala, akalia. Akina mama wakalia. Mmoja alitubu jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Mchungaji ametangaza kwamba nyumba hii ina upako, na watarudi Alhamisi ijayo!

Mbula aliyamwaga makopo mengine kwa kuku. Baba Kitonga, akaniambia, utanifukuzisha kanisani. Nikamwambia ameharibu sayansi. Akasema kuku wameipenda.

Ijumaa, 6 Februari

Nimekimbia hadi shuleni kabla ya adhuhuri, nikiwa na mada mpya: athari ya pilipili katika ibada. Ndeti alikuwa langoni, akaniuliza kama safari hii naazima darasa.

Mwalimu Bushra ameniambia, kwa upole unaokera, kwamba Syokau aliwasilisha muthokoi wake Jumanne asubuhi. Umekubaliwa. Ameshaanza hata kupima makaa.

Nimemkabili Syokau. Babu, akasema, ulikuwa na shughuli nyingi, sikutaka kukukatiza.

Nimetafakari kwa kina. Kosa ni dhahiri: nilichelewa kuanza. Mdogo wake, Yvonne, yuko gredi ya pili. Nimemwita na kumwonya asifikirie jambo lolote peke yake mpaka afike sekondari. Nimebakiza mada mbili za kumpa: konokono na radi. Radi ina heshima zaidi, lakini konokono anashikika. Nikishakata shauri, Shajara, nitakuandikia kabla sijamwambia mtu.