Kamera za Magotini

Iwe taarifa kwa wakazi wote wa Nyumba za Idara: kuanzia Jumatatu, hakuna kamera itakayoruhusiwa kumtazama mtu mwenye cheo kutoka juu.

Tangazo hilo lilibandikwa getini na Katibu wa Kamati ya Uangalizi wa Nje, kwa mkono wake mwenyewe na gundi ya kutosha. Katibu alikuwa mwanamke mwenye heshima zake, aliyemwamini Mwenyekiti kupita kiasi. Mwenyekiti akisema mvua, yeye anafungua mwavuli humo humo ofisini.

Chanzo chake ni hiki. Vitu vilikuwa vinapotea uani: mitungi ya gesi, baiskeli, tairi la akiba. Wakazi wakakubaliana kila nyumba ifunge kamera nje, wakamwita Fundi ukumbini awashauri.

"Ya duara inaona pana," Fundi akasema, "ila ukiisogelea sura yako inatoka kama kiazi. Hii ndefu inaona mbali. Yoyote mtakayochukua, ifungwe juu, chini ya paa isilowe, na isitazamane na jua."

Mwenyekiti akakohoa. Akikohoa yeye, ukumbi hunyamaza. Ni utaratibu.

"Juu kiasi gani?"

"Kupita kichwa cha mtu, mzee."

"Mtu gani?"

Fundi akavipitia vichwa vilivyokuwepo. "Yeyote."

"Kwa hiyo kidude cha plastiki kikae juu kinichungulie utosini. Mimi. Mimi ambaye watoto wangu wakitaka kusema nami wanachuchumaa kwanza."

Ukumbi ulisikitika. Katibu alisikitika zaidi, tena kwa maandishi. Kikaundwa kikosi kazi, kikaenda semina, kikarudi kimenenepa na Mwongozo wa Mwinuko wa Kitazamio kwa Kuzingatia Hadhi: kamera zote zifungwe usawa wa goti. Goti, Mwongozo ulifafanua, ni kiungo kisicho na kiburi.

"Sasa mwizi nitamtambuaje?" aliuliza Mama Kuku, mjane mwenye banda la kuku nyuma ya nyumba na ambaye kunyamaza kikaoni kulimshinda. "Nimwite nimpapase magoti?"

"Mama, adabu kwanza, usalama utafuata," Mwenyekiti akasema. Katibu aliona maneno hayo yanastahili kuandikwa getini kwa rangi, na yakaandikwa.

Basi kamera zikashuka. Wakazi wakawa wanaangalia kwenye simu zao paka, pindo za magauni na mipira ya watoto. Ripoti ya Katibu ilisema hali ni shwari: tangu Mwongozo uanze kutumika, hakuna sura ya mhalifu hata mmoja iliyoonekana.

Halafu pampu ya maji ikang'olewa, mchana kweupe, watu wakiwa makazini. Mabomba ya nyumba zote yakakauka. Mwenyekiti hakuchelewa. Alimsimamisha kazi Mlinzi.

"Zamu ilikuwa yako."

"Ilikuwa yangu, mzee, lakini ulinituma vocha, tena ukasema nikaitafute sokoni."

"Habari za vocha ziko nje ya ajenda."

Ijumaa kikao kikakaa kumfukuza rasmi. Kazi ikiisha, na kile chumba cha getini anacholala na mkewe na wanawe kinaisha. Alisimama mlangoni na ndala zake, karibu na swichi ya umeme. Mkewe alikuwa nje, amekalia ndoo tupu.

Mama Kuku akanyoosha mkono. "Kamera yangu ya bandani inatazamana na nyumba ya pampu. Picha za siku ile ninazo kwenye simu. Nimeziona leo asubuhi."

Mwenyekiti akapendekeza kiundwe kwanza kikosi kazi cha kuzipitia. Katibu alidhani ni unyenyekevu.

"Mzee, acha watu waone matunda ya Mwongozo wako," akasema, na tayari alikuwa ameshaiunga simu kwenye projekta.

Ukutani wakatokea kuku. Kuku tena. Kisha gurudumu la toroli, buti mbili zenye matope, na viatu vya ngozi vya rangi mbili, kahawia na krimu, vimechongoka mbele kama vimenolewa. Buti zilihangaika. Viatu vilielekeza kwa ncha: hapa, sio hapo. Toroli lilipotoka limejaa, kiatu kimoja kikapiga teke mlango ukafungwa.

Meza kuu ilikuwa jukwaani, na kitambaa chake kiliishia magotini. Wakazi walikuwa wamekaa chini, kwenye viti vya plastiki, macho yao usawa ule ule wa Mwongozo. Vichwa vyote vikaacha ukuta, vikahamia chini ya meza.

Huko, viatu viwili vya kahawia na krimu vilikuwa vinarudi nyuma polepole. Kimoja kikapanda juu ya mwenzake.

Katibu hakuhitaji kuinama. Siku vilipofika ofisini alivisifia mwenyewe, akaviita viatu vya uongozi.

"Kumbe ulikuwa unaficha uso, baba," Mama Kuku akasema. "Ukasahau miguu."

Mwenyekiti akakohoa. Watu wakaendelea kunong'ona. Ukutani picha ikarudi mwanzo: kuku, kuku, toroli.

"Mlinzi, mwanangu," Mwenyekiti akaita, na hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja, "hebu nizimie hiyo."

Mlinzi alikuwa anaangalia ukuta.

"Katibu?"

Katibu alifunga kalamu yake.

Kwenye picha ukutani, mlango ukapigwa teke tena.

"Jamani, naomba mtu azime."