Bomba la Moshi Lililohama

Jumatatu, 1 Septemba 1952
Bwana Stesheni anataka picha mbili za karakana ya reli zitundikwe ukumbi wa abiria. Moja ya enzi ya Mdachi, moja ya sasa, zote kutoka mahali pamoja. Tumejitokeza wawili: mimi na Damas wa Isevya, aliyefundishwa kazi ya picha na Mgoa. Mimi sikufundishwa na mtu. Nilimbebea Mgoa huyo huyo masanduku, macho yangu wazi.

Damas hana picha ya zamani. Ninayo mimi: picha ya kioo ya Mdachi, ile ya kuchapia, nzima, niliyoikuta dirishani kwa jirani yangu Bi Kuluthumu ikizuia vumbi la jikoni. Nilimpa kioo kipya, nikachukua changu. Kila abiria wa Kigoma atasoma: Modest, Mpiga Picha.

Jumanne, 2 Septemba
Nimechapa ile ya kioo. Upande wenye dawa ya picha nimeuelekeza juu, usikwaruzwe na karatasi. Mgoa alikuwa akiulaza chini. Uzembe wa watu wenye vioo vingi.

Imetoka safi. Nyumba tisa za nyasi, tangi la maji, bomba la moshi kushoto kwake.

Jumatano, 3 Septemba
Nimepanda paa la ghala la mizigo, pale pale aliposimama Mdachi. Mapaa ya bati sitini na mawili. La nyasi moja. Huu sasa ni mji.

Chini walisimama Mzee Shomari, mnyapara wa karakana, na mkwe wake Mzee Kashindye wa Itetemia, wamepeana mkono. Walinuniana tangu mavuno kwa ajili ya mahari ya watoto wao. Juzi wamepatana, wakataka Tabora ione.

Ila bomba liko kulia kwa tangi. Waingereza wamelihamisha, na hakuna aliyegundua ila mimi. Nimempasha Bwana Stesheni. Kasema hana habari. Ana mwaka mmoja tu hapa, atajuaje?

Ijumaa, 5 Septemba
Marcelina, mke wangu, kauliza kama kilima nacho kimehamishwa, maana kwa Mdachi kiko huku na kwangu kiko kule. Nikamwambia haya ni mambo ya ufundi, aendelee na mchicha.

Lakini kilima kimenikera. Nimeipindua filamu yangu, nikachapa tena. Kila kitu kimelingana, bomba na kilima. Kwa nini, sijui. Fundi hupimwa kwa kazi, si kwa maelezo.

Jumamosi, 6 Septemba
Zimetundikwa. Ukumbi umejaa. Bwana Stesheni kanisifu mbele ya watu, na Damas akisikia.

Wakaingia wazee wangu wawili, kanzu mpya na koti la Jumapili. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Mzee Shomari akaitazama picha, kisha akanigeukia taratibu: "Mwanangu, nilikukosea nini?"

Nikatazama. Wanapeana mkono wa kushoto. Mkono wa chooni, mtu na mkwewe, mbele ya Tabora nzima. Mzee Kashindye akasema alijua tu upatanisho ule una mdudu, akatoka. Mzee Shomari akamfuata akiapa kwamba alitoa wa kulia.

Damas alicheka hadi akaegemea ukuta. "Kaka, kioo umekilaza chali. Zote mbili zimegeuka. Kachape upya, dawa chini, wazee wapatane."

Bwana Stesheni kanipa hadi kesho kutwa. La sivyo, ukuta ni wa Damas.

Jumapili, 7 Septemba
Nimewaza misa nzima. Nichape alivyosema Damas, mji useme Damas kanifundisha kazi? Abadani.

Dawa nimeipata mwenyewe. Alasiri nimewafuata wazee Itetemia, wameketishwa na ndugu ili wapatanishwe, hawatazamani. Nimewaeleza: kesho asubuhi nawapiga upya, na safari hii wapeane mkono wa kushoto makusudi. Nikiipindua, utakuwa wa kulia. Nikawaomba wajizoeze kidogo palepale.

Wakatazamana, kwa mara ya kwanza tangu jana. Nilipokuwa natoka, Mzee Kashindye alimwomba mkwewe fimbo, na Mzee Shomari akainuka kumtafutia.

Vizuri sana. Fimbo hupendeza pichani.