Wataniomba Nibaki

Jumamosi, 30 Agosti

Leo nimetangaza kwamba nahama.

Sihami popote. Nani ahame nyumba yenye chapati? Lakini nimeishi miaka yote hii na watu wasiojua thamani yangu. Mdogo wangu Salha, ambaye bado anavaa begi lenye vikatuni kwenda shule, ana chumba chenye roshani na kipasha joto kinachopasha. Mimi, mwanafunzi wa chuo kikuu, nina chumba kinachotazama ukuta wa jirani, na kipasha joto changu kinakohoa tu. Mtaa mzima wa Koekelberg hapa Brussels hakuna dhuluma kama hii.

Mpango ni mwepesi. Natangaza kuhama. Mama analia, ananishika mkono, ananiomba nibaki. Nakubali shingo upande, kwa sharti la chumba cha roshani.

Nimemwambia wakati wa chai kwamba nimepata kot, chumba cha kupanga cha wanafunzi, kule Ixelles. Nikanyamaza ili alie. Akaniuliza nahama lini. Sikujiandaa kwa swali hilo. Nikasema Jumamosi ijayo. Akasema alhamdulillahi, akaenda kutafuta simu yake.

Ni mshtuko, bila shaka. Kesho atalia.

Jumapili, 31 Agosti

Hajalia. Ameandika kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania na Wakenya wa hapa Brussels kwamba mwanawe Mudathir anaanza maisha yake, kwa hiyo Ijumaa kuna dua na pilau ya kumuaga, watu wasikose. Simu yangu haipumziki. Watu nisiowajua wananitakia kheri. Mama mmoja wa Kimombasa ameshauliza kama nina mchumba.

Salha ameingia chumbani kwangu na futi ya fundi cherehani, akapima dirisha. Nikamuuliza anapima nini. Akasema mapazia. Hana hata haya ya kusubiri nitoke mlangoni!

Hapa pana tatizo. Pilau ya kuaga haina kurudi. Mtu akishaombewa dua mbele ya watu, watu wakala wakashiba, wakabeba na nyingine ya nyumbani, hawezi Jumatatu kuonekana kituo cha Simonis amebeba mkate wa mamake. Lazima Mama anizuie kabla ya Ijumaa.

Jumanne, 2 Septemba

Nimepata dawa. Jérôme, Mbelgiji ninayesoma naye, mpole kupita kiasi, anaishi kot kweli. Nilimwomba aje kula kwetu, ajifanye ndiye nitakayeishi naye, kisha aeleze maovu: pombe tangu asubuhi, mbwa vitandani, vyombo haviguswi mpaka Krismasi. Mama angesikia hayo mara moja tu, angenifungia ndani.

Hovyo kabisa! Jérôme amekuja na maua. Amevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Amekula chapati mpaka nikaona aibu kwa niaba yake, kisha akainuka kuosha vyombo. Mama, ambaye Kifaransa amekipata kwenye usafi wa ofisi kule Schuman na hadanganyiki nacho, akamuuliza kama wana mbwa. Akasema hapana, mwenzao Kaat akiwa karibu na mbwa anapiga chafya. Akamuuliza kuhusu pombe. Akasema yeye hunywa maziwa.

Maziwa! Nikampiga teke chini ya meza. Lilikuwa goti la Mama.

Halafu msaliti huyu akaongeza, kwa hiari yake, kwamba pale kwao kuna chumba kweli. Wouter amehamia Gent juzi, na wenzake wangefurahi sana kunipata. Mama akamwita mwanangu. Mimi hajaniita hivyo tangu nilipounguza pasi.

Basi uongo wangu umekuwa kweli, na sikuinua hata kidole.

Ijumaa, 5 Septemba

Silaha ya mwisho ilikuwa hotuba. Niliifanyia mazoezi bafuni tangu juzi. Ningeitaja mikono ya Mama, sauti ikakatika hapo hapo, naye angesimama mbele ya wote aseme mwanangu haondoki.

Nyumba ilijaa mpaka ngazini. Mjomba Hassan, dereva wa ubalozi, aliomba dua ndefu utadhani naenda vitani. Amin, amin. Kisha nikasimama. Nikaitaja mikono ya Mama. Sauti ikakatika yenyewe, sikuigiza, na jambo hilo limeniudhi. Mama akalia! Akasimama, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema tangu baba yangu afariki alikuwa anaomba aione siku hii. Watu wakapiga vigelegele.

Papa Constant wa ghorofa ya chini, Mkongo, Mkatoliki, hakosi pilau yetu hata moja. Alinikabidhi sufuria inayotosha kupikia kwaya nzima. “Bon, mutoto, sasa uko muntu mukubwa,” akasema. “Alors, maman anaweza kupumuzika.”

Kupumzika! Kwani nilikuwa namchosha?

Kila mgeni ameleta sufuria. Hakuna aliyeleta chakula.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimehama. Mjomba Hassan alinipakia pamoja na masufuria yangu, akawa anapiga honi kama tumebeba bwana harusi. Nilitazama nyuma kuona kama Mama anakimbilia gari. Alikuwa anapunga mkono. Salha alikuwa anapunga yote miwili.

Jumatano, 10 Septemba

Watu wa nyumba hii ni wagonjwa wa utaratibu. Kila mtu ana rafu yake kwenye friji, na jibini ya mwenzetu Noé ina jina lake kama mtoto wa chekechea. Kuna zamu ya kufagia ngazi. Ngazi! Nani anazikagua?

Leo Kaat amenirudishia mfuko wa taka jikoni. Nilitia mifupa ya kuku kwenye mfuko wa buluu, kumbe ule ni wa chupa na makopo, mabaki ya chakula yana mfuko wake wa rangi ya chungwa. Wazoa taka wameuacha mlangoni na kibandiko chekundu, mtaa mzima umeuona. Kaat alinieleza rangi zote polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni kusali. Nikamwambia kwetu mifuko hujitoa yenyewe. Akaniuliza ni nani hasa aliyekuwa anaitoa. Swali la kijinga. Nimelifikiria mpaka wali ukaungua.

Kot niliyoachiwa na Wouter inatazama ukuta. Ya Kaat ina roshani.

Namkumbuka Mama. Nimeandika, basi.

Jumapili, 14 Septemba

Nimekwenda Koekelberg kufua nguo. Nimeiita ziara ya heshima.

Chumba changu kipo vilevile. Mapazia mapya yametundikwa, kitanda kimetandikwa. Salha alitaka kukigeuza saluni ya kusukia shoga zake, Mama akakataa. Nikaona kikombe cha chai dirishani. Salha anasema Mama siku hizi anakunywa chai yake humo, anautazama ule ukuta.

Nilitaka kukaa kitandani nisiinuke.

Mama amenipakulia, amenitazama nikila, kisha akasema maneno ya watu na masufuria yao yasinisumbue. Kitanda hakijaenda popote. Nikitaka kurudi niseme tu, neno moja, naye atamjibu yeyote atakayeuliza.

Niseme! Yaani nijiombee mwenyewe! Nilikuwa karibu kabisa. Ilibaki yeye aseme tafadhali. Hakusema. Nikamjibu kwamba nina shughuli nyingi sana, nikachukua nguo zikiwa bado mbichi, nikaondoka. Kwenye metro zilinilowesha magoti.

Kosa nimeligundua njiani. Mpango ulikuwa mzuri. Watu ndio hawakufaa. Mama amenizoea, na mtu akikuzoea hashtuki. Mpango huu unataka wageni.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo, wote wakiwa jikoni, nimetangaza kwamba nahama. Nimesema nimepata mahali penye hadhi zaidi, lakini ningeweza kufikiria upya iwapo suala la chumba cha roshani lingetazamwa kiungwana. Nikanyamaza ili wahuzunike.

Kaat akaniuliza nahama lini. Nikasema Jumamosi ijayo. Akasema sawa, akaenda kutafuta simu yake.

Noé tayari ana binamu anayetafuta chumba. Ijumaa wananiaga kwa wafeli, vile vikeki vyao vitamu. Jérôme amepita sasa hivi na futi, anapima dirisha langu. Maskini, huzuni imemchanganya.

Ni mshtuko, bila shaka. Kesho wataniomba nibaki.